Rambirambi Zilizovuka Bahari

Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili, taa za Villers-Bretonneux huwaka mapema. Ni mji mdogo wa kaskazini mwa Ufaransa, kilomita kama 16 mashariki ya Amiens, juu ya uwanda wa mashamba ya ngano. Siku nyingine zote saa kama hizo ungeukuta umelala fofofo. Usiku huo watu wanapanda kilima kilicho nje kidogo ya mji, wamejitanda mablanketi, kwa maana Aprili ya huko ina baridi inayopenya mpaka kwenye mifupa. Kileleni kuna mnara wa mawe meupe, na kando yake kuta zilizochongwa majina, safu baada ya safu. Wanasubiri kupambazuke. Tarumbeta inalia, kisha kimya. Wapo wanaotafuta jina la babu wa babu yao ukutani kwa kidole, kama mtu anayesoma katika giza.

Wengi wa watu hao wametoka Australia, safari ya zaidi ya kilomita 16,000. Na pembeni yao wamesimama wenyeji wa mji, wazee kwa watoto, ambao hakuna aliyewalazimisha kuamka.

Siku yenyewe ina sura mbili. Ni siku mji ulipokombolewa, kwa hiyo ni sherehe. Ni siku ambayo waliokuja kuukomboa walikufa kwa mamia, kwa hiyo ni matanga. Ufaransa ina miji pacha maelfu, na mara nyingi upacha huo ni karatasi yenye mihuri miwili, picha ya mameya wakishikana mikono na kibao barabarani pale mji unapoanzia. Villers-Bretonneux nayo ina karatasi yake: mwaka 1984 ilifunga upacha na Robinvale, mji wa mashamba ya zabibu na lozi ulio kando ya Mto Murray katika jimbo la Victoria. Lakini karatasi hiyo ilikuja mwisho. Ilikuta udugu umekwisha kufungwa zamani, na namna ulivyofungwa ndiyo iliyonifanya niandike habari hii.

Turudi nyuma, Machi 1918. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa mwaka wake wa nne. Urusi ilikuwa imejitoa, na Ujerumani ikawa imepata nafasi ya kuhamishia majeshi yake upande wa magharibi kabla Wamarekani hawajafika kwa wingi. Tarehe 21 Machi Wajerumani walianzisha shambulio kubwa, na katika siku chache wakatwaa ardhi ambayo Waingereza walikuwa wameipigania kwa miaka. Shabaha ilikuwa Amiens. Reli zilizowalisha na kuwapa silaha wanajeshi wa Uingereza na Ufaransa zilikutana pale. Amiens ikianguka, majeshi hayo mawili yangetenganishwa. Na mtu akitaka kuipiga Amiens kwa mizinga, mahali pazuri pa kuweka mizinga yake ni ule uwanda wa Villers-Bretonneux, kwani ukisimama pale unaiona Amiens kwa macho. Mji wa wafumaji wa soksi na fulana ukajikuta umekuwa ufunguo wa vita.

Wajerumani walijaribu mara ya kwanza tarehe 4 Aprili wakazuiwa, na Waaustralia walikuwa miongoni mwa waliowazuia. Katikati ya mwezi wakaumwagia mji gesi ya sumu. Halafu alfajiri ya tarehe 24 Aprili, ukungu ukiwa mzito, wakaja na vifaru 13. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakiulinda mji, wengi wao vijana wapya wasiowahi kuona vita, walisukumwa nyuma, na kabla jua halijapanda sana Villers-Bretonneux ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Siku hiyohiyo, karibu na kijiji jirani cha Cachy, vifaru vya Uingereza na vya Ujerumani vilikabiliana. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kifaru kupigana na kifaru.

Amri ikatoka kwamba mji urudishwe usiku uleule. Kazi wakapewa brigedi mbili za Australia, ya 13 chini ya William Glasgow na ya 15 chini ya Harold Elliott, pamoja na vikosi vya Waingereza. Makamanda wa juu walitaka shambulio lianze saa mbili usiku. Glasgow akakataa: saa mbili ya Aprili nuru bado ipo, na watu wake wangefyekwa kabla ya kufika. Akashikilia hadi akakubaliwa saa nne. Natua hapa kidogo kwa sababu katika vita ile maelfu waliuawa na saa iliyopangwa mezani na mtu aliyekuwa mbali, na si mara nyingi ofisa aliyekuwa karibu alithubutu kusema hapana.

Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza, mgumu kuutenda. Wasiuvamie mji uso kwa uso. Brigedi moja izunguke kusini, nyingine kaskazini, zikutane upande wa mashariki na kuwafungia Wajerumani ndani kama samaki kwenye dema. Mizinga isitangulie kupigwa, ili adui asishtuke. Upande wa kusini askari walipopita kando ya msitu, bunduki za rashasha ziliwamiminia risasi ubavuni. Luteni Clifford Sadlier wa batalioni ya 51 aliwakusanya waliosalia karibu naye, akaingia msituni na mabomu ya mkono kuzinyamazisha zile bunduki moja baada ya nyingine. Alijeruhiwa, na baadaye akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Upande wa kaskazini brigedi ya 15 ilichelewa kuanza, kisha ikateremka gizani na singe kwenye bunduki.

Kulipopambazuka mji ulikuwa umezingirwa. Siku ile ilikuwa 25 Aprili 1918. Miaka mitatu kamili kabla yake, alfajiri ya tarehe 25 Aprili 1915, Waaustralia na watu wa New Zealand walikuwa wameteremka pwani ya Gallipoli, Uturuki, kwenye kampeni iliyowaua wengi na kushindwa. Tarehe hiyo tayari ilikuwa siku yao ya kuwakumbuka wafu. Kuanzia usiku huo ikawa ya Villers-Bretonneux pia.

Hesabu inayotajwa mjini ni Waaustralia 1,200 waliokufa kwa ajili ya kuukomboa. Wapo na wengine wasiotajwa sana: Waingereza waliopigana bega kwa bega nao, na askari wa Divisheni ya Morocco ya jeshi la Ufaransa, ambao tarehe 26 Aprili walitupwa kwenye mashambulizi kusini ya mji wakapata hasara kubwa mno. Damu iliyomwagika pale ilikuwa ya watu wengi, na haki ni kusema hivyo.

Wenyeji waliporudi baada ya vita hawakukuta mji. Walikuta vifusi, mashimo ya mabomu yaliyojaa maji, viwanda visivyo na paa, na makaburi mapya kila walipogeuka. Walianza kuishi katika vibanda vya mbao na mabati. Hata hivyo, Julai 1919, sikukuu ya taifa lao, meya wa mji alizindua kumbukumbu kwa heshima ya Waaustralia. Hawakuwa na paa, lakini walikuwa na shukrani.

Sasa ndiyo tunafika kwenye jambo lenyewe.

Kwetu mtu akifiwa, majirani humjia na rambirambi. Huyu na elfu mbili yake, yule na kilo ya sukari, mwingine na mkono mtupu ila amekuja kukaa. Rambirambi huenda kwa mfiwa. Wafiwa wa usiku ule walikuwa Australia. Nchi ya watu wasiofika milioni tano ilikuwa imepoteza zaidi ya vijana 60,000, na wote walikuwa wamejiandikisha kwa hiari yao, kwani serikali iliuliza wananchi mara mbili kwa kura, 1916 na 1917, kama watu walazimishwe kwenda vitani, na mara mbili wananchi wakakataa. Katika jimbo la Victoria kulikuwa na madarasa yaliyojaa watoto ambao baba au kaka zao walikuwa wamelala chini ya udongo wa Ufaransa. Kwa desturi yoyote ninayoijua, hao ndio waliostahili kupelekewa.

Wao ndio waliotoa.

Baada ya vita miji ya Uingereza na ya himaya yake ilianza kuichukua miji ya Ufaransa iliyobomoka, kila mmoja na mwanawe wa kumlea. Melbourne, mji mkuu wa Victoria, ikaichukua Villers-Bretonneux. Katika shule za jimbo hilo watoto wakahimizwa kuleta peni. Peni moja. Ilikuwa sarafu kubwa ya shaba nyeusinyeusi, inayojaza kiganja cha mtoto, na 240 zake ndizo zilizofanya pauni moja. Mtoto aliyeambiwa na mama yake akanunue peremende ya peni alikuwa na uamuzi wa kufanya njiani. Wazazi na walimu nao wakaongeza. Kutoka kwenye mfuko wa misaada ya vita wa Idara ya Elimu ya Victoria zikapelekwa Ufaransa pauni 12,500. Ukizivunja zote kuwa peni, ni peni milioni tatu.

Fedha hizo zilijenga shule. Wangeweza kujenga mnara, na minara ilikuja baadaye. Lakini watoto waliombwa wachangie wenzao wasio na darasa, na shule ndiyo wanayoielewa watoto. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1923, na tarehe 25 Aprili 1927 milango ikafunguliwa. Ikaitwa Shule ya Victoria. Ukumbini mbao za ukutani zilichongwa wanyama wa Australia, ili mtoto wa Somme ambaye hajawahi kuona kangaruu akae chini yake akila na kuimba. Madarasani yakaandikwa maneno ya Kifaransa, N'oublions jamais l'Australie: tusiisahau Australia kamwe. Na kwenye ukuta wa uani, kwa herufi kubwa za kuonekana tangu langoni, ujumbe huohuo ukaandikwa kwa Kiingereza, usiisahau Australia.

Maneno hayo yametazamwa na watoto wa mji ule kila wakati wa mapumziko kwa karibu miaka mia moja, mpira ukigonga chini yake. Jeshi linaweza kuamrishwa kukumbuka. Mtoto wa miaka saba hawezi. Yeye huzoea tu, na siku moja akiwa mkubwa anagundua kwamba kile alichokizoea ni deni la heshima.

Kuna mtu mmoja ambaye habari yake inapaswa kuwekwa hapa, kwa sababu bila yeye Robinvale isingekuwapo. Aliitwa George Robin Cuttle, kijana wa kaskazini-magharibi mwa Victoria. Alipotaka kujiunga na jeshi la nchi yake alikataliwa. Hakutulia, akasafiri hadi Uingereza, akaingia kikosi cha mizinga, akapata nishani ya Military Cross, kisha akahamia jeshi la anga. Mei 1918, wiki mbili baada ya usiku wa Villers-Bretonneux, ndege aliyokuwamo ilikwenda kwenye eneo hilohilo la mapambano na haikurudi. Mwili haukupatikana. Wazazi wake, Herbert na Margaret, waliletewa habari kwamba hajulikani alipo, na mzazi yeyote anajua kwamba habari hiyo ni mbaya kuliko ya kifo, kwa sababu haikuachii hata kuweka tanga.

Mwaka 1923 walipanda meli wakaenda kumtafuta. Fikiri safari hiyo: majuma mengi baharini, kisha treni, kisha kutembea mashambani wakiulizauliza katika lugha isiyo yao, miaka mitano baada ya tukio. Karibu na kijiji cha Caix, kilomita chache kutoka Villers-Bretonneux, wakapata mabaki ya ndege. Kwangu mimi hao ndio ujumbe wa kwanza kutoka mji ule kwenda mji huu, ingawa hawakuwa na barua ya meya, na mji wao wenyewe ulikuwa haujapewa jina.

Jina lilikuja mwaka uliofuata. Reli ilikuwa imefika kwenye ardhi yao kando ya Mto Murray, na viwanja vya mji mpya vikauzwa mwaka 1924. Mama alitundika kibao kwenye kituo kipya cha treni, kimeandikwa maneno mawili: Robin Vale. Kwa Kilatini vale ni neno la kuagana. Kwaheri, Robin. Serikali ikalikubali, maneno mawili yakaunganishwa kuwa moja, na leo dereva wa lori anayepakia zabibu pale analitaja jina hilo mara kumi kwa siku. Katikati ya mji kuna bustani inayoitwa Caix, jina la kile kijiji. Mama alimzika mwanawe kwa kumfanya mji.

Nani basi angeshangaa kwamba Robinvale na Villers-Bretonneux zilitafutana? La kushangaza ni kwamba zilichukua hadi mwaka 1984 kuandikishana. Tangu hapo wageni wamekuwa wakienda na kurudi baina ya Somme na Mto Murray. Anayetoka Robinvale anawasili kwenye mji ambao mtaa mmoja unaitwa Melbourne na mwingine Victoria, na kwenye jumba la halmashauri kumewekwa sura ya kangaruu. Anatembezwa shuleni. Anapandishwa ghorofani, kwenye jumba la makumbusho la Ufaransa na Australia, kuona barua na sare na vitu vidogo vilivyotoka mifukoni mwa askari. Anayetoka Villers-Bretonneux kwenda huko anapokelewa kwenye joto na vumbi, katikati ya mashamba ya mizabibu, na watu wa asili nyingi, kwa maana Robinvale ya leo ina familia za Kiitaliano, za Kivietinamu, za kutoka visiwa vya Tonga, pamoja na wenyeji wa asili wa ardhi ile waliokuwapo kabla ya reli na kabla ya kibao. Wengi wao hawana babu aliyezikwa Ufaransa. Upacha unawahusu vilevile, kwa kuwa wanaishi ndani ya jina la Robin.

Ule mnara wa kilimani nao una historia ya wageni. Ulichorwa na Edwin Lutyens, ukacheleweshwa na mdororo wa uchumi wa dunia, na hatimaye Mfalme George VI akauzindua tarehe 22 Julai 1938. Malkia Elizabeth, mkewe, alikuwa amepewa asubuhi hiyo na mtoto wa shule wa Kifaransa kishada cha mipopi, yale maua mekundu yanayoota yenyewe mashambani, akayaweka juu ya jiwe la kumbukumbu. Kuta zilibeba majina ya Waaustralia zaidi ya 10,000 waliokufa Ufaransa na makaburi yao hayajulikani. Haikutimia miezi 14, Ulaya ikaingia vitani tena. Mwaka 1940 mapigano yalifika kilimani, na mnara uliojengwa kuwakumbuka waliouawa na risasi ukapigwa risasi. Baadhi ya alama hizo zimeachwa mpaka leo, na anayepitisha mkono kwenye jiwe anazigusa.

Nikifika kwenye majina hayo siwezi kupita bila kusema la nyumbani, kwa sababu vita ni ileile na tume iliyosimamia makaburi ni ileile ya himaya ya Uingereza. Mwaka huohuo wa 1927 shule ilipofunguliwa Villers-Bretonneux, Dar es Salaam ilizinduliwa Sanamu ya Askari. Ni sanamu nzuri, na haina jina hata moja la mtu. Wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia neno Kariakoo, walikufa kwa njaa, kuhara na malaria katika misitu ya Afrika Mashariki kwa makumi ya maelfu, na hawakuchongewa ukuta. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mama Cuttle alipata mabaki ya ndege. Kuna mama wa Kinyamwezi na wa Kikamba ambao hawakupata hata jina la msitu.

Turudi Villers-Bretonneux. Mwaka 1993 ziara ilikuwa ya kutoka, si ya kuingia. Katika makaburi yaitwayo Adelaide, pembezoni mwa Villers-Bretonneux, palikuwa na askari mmoja wa Australia ambaye jina lake halikujulikana. Novemba mwaka huo alifukuliwa kwa heshima zote, na tarehe 11 Novemba, miaka 75 tangu vita kwisha, akazikwa upya Canberra kwa niaba ya wenzake wote wasiojulikana. Mji uliomhifadhi ukamsindikiza. Mahali alipokuwa amelala pameachwa na jiwe linaloeleza kwamba aliondolewa, hivyo mgeni anayepita safu ile anakuta kaburi lisilo na mtu, limetunzwa kama mengine.

Kwa miaka mingi adhimisho la Aprili lilikuwa jambo la wenyeji na wageni wachache. Mwaka 2008, ilipotimia miaka 90, serikali ya Australia iliandaa kwa mara ya kwanza ibada ya alfajiri kilimani, na watu wakaja kwa maelfu. Mwaka 2018 ilitimia karne. Siku moja kabla ya adhimisho, mawaziri wakuu wa nchi mbili, Malcolm Turnbull na Édouard Philippe, walifungua nyuma ya mnara kituo cha kumbukumbu chenye jina la Sir John Monash, jenerali wa Australia katika vita ile, kilichogharimu takriban dola milioni 100 za Australia, kimefukiwa nusu ardhini ili kisiuzibe mnara. Alfajiri ya tarehe 25 Mwanamfalme Charles alikuwa kwenye safu za mbele.

Wakubwa wakija huja na kamera, hotuba na walinzi, na hilo sina neno nalo. Wafu wanastahili heshima ya dola. Lakini ukitaka kujua undugu umekaa wapi, usiangalie jukwaa. Angalia baada ya ibada, wageni wenye vidole vilivyokufa ganzi wanapoteremka mjini kwa kumbukumbu ya pili, ile ya mji wenyewe, bendera za nchi zote mbili zikining'inia madirishani. Hapo mwenyeji hamuulizi mgeni cheo chake.

Na angalia mwaka 2009. Tarehe 7 Februari, siku ya joto kali na upepo, moto wa nyika uliteketeza sehemu kubwa za Victoria na kuua watu 173. Kijiji cha Strathewen, kaskazini-mashariki ya Melbourne, kilipoteza watu 27, na shule yake ya msingi ikawa majivu. Habari ilipofika Villers-Bretonneux, hakuna aliyehitaji kueleza maana yake. Watoto wa Victoria hawana shule. Mji ukaanza kuchangishana, familia kwa familia, na fedha zikapelekwa Strathewen kusaidia kuijenga upya ile shule.

Wapo watakaosema deni limelipwa. Mimi sidhani waliona hivyo. Deni likilipwa pande mbili huachana, kila mmoja akaenda zake. Hawa hawakuachana: moto ulipoiunguza tena Australia kwenye kiangazi cha mwaka 2019 kuingia 2020, Villers-Bretonneux ilipitisha mchango mwingine.

Shule ya Strathewen ilijengwa, na watoto wakarudi darasani. Shule ya Victoria bado inafundisha watoto wa Villers-Bretonneux, na maneno ya ukuta wa uani bado yapo.